Nusu Mbili za Ulimbwende: Ardhi, Asili na Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi ambazo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezirithi kutoka Ulaya, ni chache zilizotumiwa kwa wepesi kama ulimbwende. Katika tasnifu nyingi za wanafunzi, mkondo huu hugeuzwa kuwa orodha ya sifa: kusifu maumbile, kutukuza hisia, kuikweza nafsi ya msanii, kuyatamani yaliyopita na kuionea shaka akili tupu. Mtafiti huichukua orodha hiyo, huisoma diwani au riwaya aliyoiteua, hutia alama penye kila sifa, kisha huhitimisha kwamba mwandishi ni mlimbwende au si mlimbwende. Njia hii ina urahisi wake, lakini haina nguvu ya kutofautisha. Kwa kipimo hicho, mlowezi aliyeisifu milima ya Ngong na mwandishi aliyezaliwa katika jamii iliyonyang'anywa ardhi ya nyanda hizohizo hupata alama zilezile.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ulimbwende katika Afrika Mashariki ufahamike kwanza kama mgogoro, wala si kama orodha. Hoja zinazotetewa ni mbili. Kwanza, mandhari na asili, ambazo ndizo nguzo za mkondo huu, haziwezi kuhakikiwa nchini Kenya pasipo kuuliza swali la umilikaji wa ardhi. Pili, mgogoro maarufu wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970, ambao aghalabu huelezwa kuwa vita baina ya mapokeo na usasa, ulikuwa kwa kiasi kikubwa ugomvi baina ya nusu mbili za ulimbwende wenyewe.

Utata wa istilahi

Kutokubaliana juu ya maana ya mkondo huu si jambo geni. Mnamo mwaka 1924, Arthur Lovejoy alichapisha makala mashuhuri akidai kwamba istilahi hiyo imebebeshwa maana nyingi kiasi cha kutobakiwa na maana yoyote, na kwamba ni afadhali wahakiki wazungumzie aina mbalimbali za ulimbwende kuliko kujifanya kwamba upo mmoja. René Wellek alimjibu mwaka 1949. Kwa maoni yake, fasihi za Ulaya za kipindi hicho zilikuwa na umoja wa kweli uliojengwa juu ya mambo matatu: nguvu ya ubunifu katika kuufahamu ushairi, maumbile katika kuufahamu ulimwengu, na ishara pamoja na visasili katika mtindo. Baadaye, mwaka 1983, Jerome McGann aliugeuza mjadala kwa kudai kwamba wahakiki wenyewe walikuwa wameimeza itikadi ya washairi waliowahakiki. Walikuwa wakiusoma ushairi huo kwa maneno na imani za ushairi huohuo, badala ya kuurudisha katika historia uliyojaribu kuikwepa.

Onyo la McGann linawahusu wahakiki wa Kiswahili zaidi kuliko inavyodhaniwa. Orodha ya sifa inayotumiwa madarasani ni maelezo ya ulimbwende kama ulivyopenda kujieleza. Haisemi lolote juu ya kile ambacho sifa hizo zilikuwa zikikificha au kukijibu.

Neno lenyewe la Kiswahili limeongeza tatizo. Katika matumizi ya kawaida, mlimbwende ni mtu anayependa kujipamba na kujitia umaridadi, na magazeti yamezoea kuwaita walimbwende wasichana wanaoshiriki mashindano ya urembo. Mwanafunzi anayekutana na neno hilo kwa mara ya kwanza katika nadharia hutarajia habari za mapenzi na uzuri, na matarajio hayo humwongoza kuchagua matini. Matokeo yake ni kwamba mashairi ya mahaba huhakikiwa kwa wingi chini ya nadharia hii, ilhali mashairi ya gerezani, ambayo ndiyo yenye uhusiano wa karibu zaidi na kiini cha mkondo wenyewe, huachiwa nadharia nyinginezo. Istilahi imekwisha kuota mizizi na si lazima ing'olewe. Linalopasa ni kuitenga na urembo.

Mandhari na mwenye kuyatazama

Upande wa magharibi wa Nairobi ni mahali pafaapo kuanzia. Huko Muthangari, Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin mwaka 1899 na kupanda kahawa. Upande wa kusini-magharibi, chini ya milima ya Ngong, Karen Blixen aliendesha shamba lake la kahawa tangu mwaka 1914 hadi lilipofilisika na kuuzwa mwaka 1931. Kumbukumbu zake, Out of Africa, zilizochapishwa mwaka 1937, zina kila sifa ambayo orodha ya darasani huidai. Humo mna mwinuko na hewa safi, mna nafsi iliyo peke yake mbele ya maumbile, mna huzuni ya kitu kilichopotea, na mna chuki dhidi ya maisha ya miji ya kisasa. Nathari yake ina uzuri usiokanika.

Ngũgĩ wa Thiong'o amekihakiki kitabu hicho kwa ukali katika insha iliyomo katika Moving the Centre (1993), akikiona kuwa miongoni mwa vitabu vyenye madhara makubwa juu ya Afrika, kwa sababu ubaguzi uliomo umevikwa vazi la upendo. Wako waliomjibu kwamba mwanahistoria wa fasihi hana budi kutenganisha sanaa na mwenye shamba. Jibu hilo halitoshelezi, kwani shamba ndilo linaloifanya sanaa hiyo iwezekane. Huzuni inayolitawala masimulizi ni huzuni ya kuipoteza ardhi. Wenyeji walioipoteza kabla ya msimulizi, na ambao wakati wa masimulizi wanaishi humo kwa idhini yake, wameingizwa katika orodha ya mambo mazuri yanayoombolezwa. Wamekuwa sehemu ya mandhari.

Ikilinganishwa na The River Between (1965) ya Ngũgĩ mwenyewe, tofauti hujitokeza waziwazi. Riwaya hiyo nayo hufunguka kwa mandhari: matuta mawili, Kameno na Makuyu, yanayotazamana, na mto Honia ukipita katikati. Nayo ina kisasili cha asili, ina nabii, na ina kijana mpweke anayebeba ndoto ya watu wake. Mwenye orodha atasema kwamba huu ni ulimbwende uleule. Hata hivyo, matuta ya Ngũgĩ yana majina yaliyotolewa na wanaoyaishi, yana mpasuko wa kidini na kisiasa ndani yake, na uzuri wake hauwaondoi watu bali huwaleta. Mandhari hapo ni hoja ya kudai.

Tofauti hii haikuanzia Kenya. Ulimbwende wa Uingereza ulichipuka katika kipindi ambacho ardhi za ujima zilizidi kuzungushiwa ua na kumilikishwa watu binafsi, huku viwanda vikiwavuta maskini mijini. Kenya ilipitia unyang'anyi wake kwa kasi na kwa nguvu za dola: Sheria ya Ardhi za Serikali ya mwaka 1915 iliwapa walowezi hati za miaka 999, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukahimiza umilikaji wa kibinafsi miongoni mwa Waafrika wenyewe. Kwa hiyo kufanana kwa fasihi hizi mbili hakuelezwi kikamilifu kwa dhana ya kuiga. Wanaopitia maudhi yanayofanana huweza kulia kwa sauti zinazofanana. Swali la mhakiki liwe ni nani anayelia, na ni nani aliyemliza.

Kurejea asili na hofu ya kurejea

Nusu nyingine ya ulimbwende, ambayo chanzo chake ni Ujerumani, ilihusu watu na lugha zao zaidi kuliko mandhari. Johann Gottfried Herder, aliyechapisha mkusanyo wake wa nyimbo za watu katika miaka ya 1778 na 1779, aliamini kwamba kila taifa lina sauti yake, na kwamba sauti hiyo husikika kwa usafi zaidi katika nyimbo na masimulizi ya watu wa kawaida. Fikra za aina hiyo ziliwafikia Waafrika kwa njia nyingi. Léopold Sédar Senghor, mathalani, aliathiriwa na maandishi ya Mjerumani Leo Frobenius alipokuwa akiijenga falsafa ya Negritude.

Nairobi ilikuwa mojawapo ya vituo vya upinzani dhidi ya falsafa hiyo. Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, alikiongoza kituo cha utamaduni cha Chemchemi mjini humo tangu mwaka 1963. Tayari katika The African Image (1962) alikuwa ameishambulia Negritude, na aliendelea kufanya hivyo katika mikutano ya miaka iliyofuata. Kwa maoni yake, picha ya Afrika isiyo na hatia na iliyo tulivu inaficha ukatili, migongano na uchangamano wa Mwafrika wa kweli, hasa yule anayeishi mjini.

Hata hivyo, miaka michache baadaye mji huohuo ulizaa hati iliyoelekea upande mwingine. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi ifutwe, na mahali pake pawepo idara itakayoiweka Afrika katika kitovu na kuipa fasihi simulizi nafasi ya msingi. Kuna kinaya hapa kisichopasa kupuuzwa. Mtaala uliokuwa ukikataliwa ndio uliowafundisha Waafrika kuwaenzi walimbwende wa Uingereza. Lakini hoja kwamba mizizi ya fasihi ya taifa imo katika masimulizi ya watu wake ni hoja ambayo Herder angaliitambua mara moja.

Je, kinaya hiki kinaidhoofisha hati hiyo? La. Herder alikuwa akiitetea lugha iliyodharauliwa mbele ya ukuu wa Kifaransa. Watatu wale walikuwa wakizitetea lugha zilizodharauliwa mbele ya Kiingereza. Hatari iko kwingine. Hoja ya asili huelekea kumfanya mwanakijiji kuwa mlinzi wa roho ya taifa, na kumtaka asibadilike. Okot p'Bitek aliliona hilo. Wimbo wa Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966 na ambao Paul Sozigwa aliutafsiri kwa Kiswahili, umelaumiwa kwa kuipamba Uacholi. Lakini Lawino anasema kama mke aliyedharauliwa, na dai lake lina shabaha: mume aliyekwenda shule anarudi na kumwona kuwa takataka. Kuutoa wimbo huo katika ndoa hiyo na kuufanya sifa ya Afrika kwa jumla ni kuuhakiki kwa orodha.

Mgogoro wa ushairi: nani alikuwa mlimbwende?

Katika fasihi ya Kiswahili, nusu hizi mbili ziligongana uso kwa uso. Mwaka 1954 K. Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na diwani yake, na kitabu hicho kikawa tegemeo la wote walioshikilia kwamba shairi halitimii pasipo vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyojaa mashairi huru, na katika utangulizi wake akatetea matumizi ya lugha ya kawaida inayosemwa na watu kila siku. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), waliipa hoja hiyo uti wa mgongo wa kinadharia kwa kushikilia kwamba vina na mizani si kiini cha ushairi. Kwa upande wa pili, Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988) aliusisitiza ushairi kama mali ya Waswahili, uliokua nao na usioweza kufasiriwa vyema pasipo utamaduni wao.

Kwa kawaida wanausasa hupewa cheo cha walimbwende, na wanamapokeo hupewa cheo cha wakale. Mgawanyo huu unaelekea kuwa sahihi kwa sababu hoja ya Kezilahabi inafanana mno na ile ya William Wordsworth katika utangulizi alioutia katika toleo la pili la Lyrical Ballads mwaka 1800: mshairi na ausogeze ushairi karibu na lugha halisi ya watu. Lakini hoja ya Shariff nayo ni ya kilimbwende kwa ukamilifu, ingawa inatoka katika nusu ya Herder: ushairi ni sauti ya watu maalumu, umo katika nyimbo na desturi zao, na mgeni anayeubadilisha pasipo kuujua anaujeruhi. Upande mmoja ulitetea uhuru wa nafsi, na upande wa pili ukatetea roho ya jamii. Ulaya, madai haya mawili yaliweza kukaa katika mkondo mmoja, mara nyingine hata katika mtu mmoja. Katika Kiswahili yaligawana kambi.

Sababu ya kugawana huko yamkini imo katika historia ya lugha. Samuel Taylor Coleridge, katika Biographia Literaria (1817), alimhoji rafikiye Wordsworth: hiyo lugha halisi ni ya watu gani? Swali hilo linauma zaidi katika Afrika Mashariki. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, aliandika katika Kiswahili sanifu, lugha ya shule na ya taifa jipya la Tanzania. Kwake na kwa mamilioni ya watu wa bara, hiyo ndiyo lugha ya kila siku inayowakutanisha. Lakini kwa Abdilatif Abdalla wa Mombasa, lugha ya kila siku ni Kimvita, na Kimvita kilikuwa kimekwisha kuzoeana na vina na mizani kwa karne kadhaa. Alipokitumia Kimvita katika bahari za kimapokeo, Abdilatif naye alikuwa akiandika kwa lugha ya watu wake. Basi wote wawili walitimiza sharti la Wordsworth, na walitofautiana kwa sababu watu waliowakusudia hawakuwa wamoja.

Muyaka wa Mombasa unathibitisha jambo hilo kwa kina zaidi. Muyaka bin Haji alizaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata 1840. Aliishi wakati mmoja na Wordsworth na Coleridge pasipo kuwajua wala kujulikana nao. Mohamed Abdulaziz, katika utafiti wake uliochapishwa Nairobi mwaka 1979, ameonyesha jinsi Muyaka alivyoutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni: siasa za Mazrui dhidi ya Busaidi, biashara, mapenzi, kejeli na uhitaji. Aliyafanya hayo ndani ya shairi la mishororo minne, lenye vina na mizani kamili. Kwa hiyo mapinduzi ya lugha ya kawaida yalikwisha kupita pwani kabla ya Kichomi, wala hayakuhitaji kuivunja arudhi. Hili halipunguzi thamani ya Kezilahabi. Linachopunguza ni uhakika wa wale wanaodhani kwamba uhuru wa nafsi lazima uje na uhuru wa vina.

Nafsi iliyofungiwa

Ushahidi mzito zaidi unatoka gerezani. Abdilatif alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, cha mwaka 1968. Mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni yalitoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Hakuna diwani ya Kiswahili iliyotangulia ambayo ndani yake nafsi ya mtu mmoja, ikiwa peke yake, inajihoji, inakata shauri na kukataa kutubu kwa ukali kama huo. Yote hayo yamo katika vina na mizani. Arudhi ilimpa mfungwa kitu ambacho dola haikuweza kumnyang'anya: umbo lililokwisha kuwamo kichwani, la kuhifadhia maneno mahali ambapo karatasi zilikatazwa.

Alamin Mazrui, aliyewekwa kizuizini mwaka 1982, alitoa Chembe cha Moyo mwaka 1988. Naye alitoka Mombasa, naye aliijua arudhi, lakini katika mashairi yake mengi aliilegeza au kuiacha. Vitabu hivi viwili vikiwekwa pamoja, dhana kwamba umbo hutangaza mkondo huanguka. Majina yenyewe, sauti na moyo, ni ya kilimbwende. Mmoja ameufikia undani kwa kuishika sheria, na mwingine kwa kuiachia. Kilicho sawa ni hali iliyowalazimisha kusema wakiwa peke yao.

Kwa mtazamo huu, lawama ya uhakiki wa Kimaksi wa miaka ya 1970 na 1980, kwamba ulimbwende ni ukimbizi wa mabwanyenye wadogo, inahitaji kupimwa upya. Lawama hiyo inamfaa Blixen. Inaweza hata kumgusa Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni, katika Utubora Mkulima (1968), ambamo mhusika mkuu anaiacha kazi ya mjini na kutafuta utu katika jembe, huku maswali magumu ya soko na serikali yakibaki nje ya shamba. Lakini haiwafai wafungwa. Upweke wao ni adhabu waliyopewa kwa kusema hadharani juu ya wengine.

Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba ulimbwende wa Afrika Mashariki haukuwa mkopo mtupu wala si hali ya kudumu ya moyo wa mwanadamu. Ni majibu yaliyotolewa, kwa sauti zinazopingana, kwa kupotezwa kwa ardhi, kudharauliwa kwa lugha na kufungiwa kwa nafsi. Ndiyo maana mlowezi na aliyepokonywa wanaweza kukutana katika mandhari yaleyale, na mwanamapokeo na mwanausasa wakagombania urithi wa mkondo mmoja pasipo kujuana.

Kwa mtafiti chipukizi, matokeo yake ni ya kiutendaji. Badala ya kuuliza kama diwani ina maumbile, na aulize maumbile hayo yako katika ardhi ya nani na ni nani aliyeondolewa ili yaonekane. Badala ya kuuliza kama lugha ni ya kawaida, na aulize ni kawaida ya watu gani. Badala ya kuhesabu mara ambazo nafsi inatajwa, na achunguze ni nini kilichoifanya nafsi hiyo iwe peke yake. Maswali haya matatu hayatazaa orodha, na huenda yakairefusha tasnifu. Lakini yatamwezesha mhakiki kuwatofautisha waandishi ambao historia ilikwisha kuwatofautisha zamani.